Robert wao, Robert wetu

Mlango wa jikoni ulifunguka, na kabla sijaona kitu nikasikia zumari. Si zumari yetu ya pwani, bali ile ya Waskoti, yenye kiriba kinachobanwa kwapani na mlio unaokupiga kifuani kabla haujafika masikioni. Ukumbi mzima ukasimama. Mpiga zumari alitangulia na kilti yake, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, akafuatwa na mpishi aliyebeba sinia begani, na nyuma ya mpishi bwana mmoja mwenye chupa ya wiski kila mkono. Watu wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo. Msafara ukazunguka meza zote taratibu, kana kwamba hakuna mwenye njaa mle ndani.

Nikamnong'oneza mke wangu: "Mama Neema, hii si ndafu?"

"Ndafu kabisa," akasema. "Ila mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

Aliyekula harusi Tanzania miaka hii hahitaji maelezo. Mbuzi mzima aliyebanikwa huingizwa ukumbini kwa shangwe, majani mdomoni, wapishi wanacheza, MC anapaza sauti, na hakuna anayemgusa mpaka itifaki itimie. Mtindo ulitoka Uchagani, nasi watu wa Tanga tukaudandia. Basi huku kilichokuwa juu ya sinia hakikuwa na kichwa wala miguu. Kilifanana na mpira wa matambara ulionyeshewa mvua. Wakakitua mbele ya mzee mmoja mwembamba, mzee akachomoa kisu, akakikazia macho kile kitu, akaanza kukisemesha. Kwa shairi.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria harusi. Mbuzi wetu tunamchezea ngoma, tunampiga picha, tunamla, lakini sijawahi kumwona mtu akimtungia beti nane.

Ilikuwa tarehe 25 Januari, katika ukumbi wa kijiji nje kidogo ya Ayr, magharibi mwa Uskoti, mji ambao kazi ilinipeleka na ambako bado ninaishi. Siku kama hiyo mwaka 1759, katika nyumba ya udongo na makuti ya huko kwao pale Alloway, mwendo mfupi kutoka Ayr, alizaliwa Robert Burns, mtoto wa mkulima masikini. Kila mwaka ikifika siku yake, Waskoti popote walipo hukaa kula, kunywa na kumsoma. Tulialikwa na jirani yetu, mzee mstaafu ambaye siku tuliyohamia alinisalimia kwa kusema kwamba Nyerere alisoma kwao, Edinburgh, kana kwamba yeye ndiye aliyemlipia ada.

Karamu yenyewe ilianza kidogo tu. Mwaka 1801, miaka mitano baada ya mshairi kufariki, marafiki na mashabiki wake tisa walikutana katika nyumba ileile aliyozaliwa, ambayo wakati huo ilikuwa imegeuka kilabu cha pombe. Walikula haggis, ndicho kile kitu cha kwenye sinia, na kichwa cha kondoo, wakasoma mashairi, wakanyanyua glasi, wakakubaliana kurudia. Mji wa bandari wa Greenock nao ukaanzisha chama, na mwaka 1802 wakaadhimisha siku ya kuzaliwa kwake kwa mbwembwe zote, tarehe 29 Januari. Walikosea. Mwaka uliofuata wakaangalia daftari la kanisa na kugundua kwamba walichelewa siku nne. Ninawapenda watu hao wa Greenock. Hawakuacha kula kwa sababu hawana uhakika wa tarehe.

Turudi kwa mzee na kisu. Shairi lile, "Address to a Haggis", ni la mwaka 1786, na limetungwa kwa Kiskoti, si kwa Kiingereza cha shuleni. Nilikwenda nikijiamini, maana Kiingereza nimekila miaka mingi. Nikatoka patupu. Ni kama kijana wa Dar es Salaam anayejua Kiswahili chake chote, halafu akaketishwa mbele ya mtu anayeghani utenzi wa zamani wa Kiamu: anasikia kwamba ni lugha ya nyumbani, anatambua neno hapa na pale, lakini maana inampita kama basi la mwendokasi. Jirani yangu alinifariji kwamba nusu ya waliomo ukumbini nao hawaelewi, ila wanajua wapi pa kucheka.

Baadaye nililisoma polepole nikiwa nyumbani. Burns anaisifu haggis kama malenga anavyomsifu sultani: uso wake wa heshima, na makalio yake kama kilima kinachoonekana kwa mbali. Beti ya tatu inasema mkulima anapangusa kisu chake, na msomaji akapangusa kisu mkononi kweli. Mshororo unaofuata unasema anaichana, na msomaji akaichana kweli, kwa pigo moja, mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani ya waliokaa mbele. Halafu mshairi anawageukia wanaokula vyakula vya Kifaransa, anawacheka kwa miguu yao myembamba kama fito. Mwisho anaomba kwamba Uskoti usipewe supu za majimaji, upewe haggis. Watu wakanyanyua glasi, wakaitakia heri. Haggis, naam, waliitakia heri haggis.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile. Shairi pale lina kazi. Bila hilo chakula hakikatwi, na watu themanini wanakaa na njaa yao mpaka beti ziishe. Sijui mashairi mengi ya dunia hii yaliyopewa madaraka makubwa hivyo.

Ndani ya haggis kuna moyo, maini na mapafu ya kondoo, vyote vimesagwa na kuchanganywa na shahamu, vitunguu, pilipili manga na oti, nafaka ile ya uji. Zamani mchanganyiko ulishonewa ndani ya tumbo la kondoo. Siku hizi wengi hutumia mfuko wa kiwandani. Ni chakula cha mtu asiyeweza kutupa kitu. Rafiki yetu Mkenya, mtu wa Murang'a, alionja kijiko kimoja akatangaza kwa meza nzima: "Hii ni mutura imekosa damu!" Mutura ni utumbo wa kwao unaojazwa nyama na damu. Akaomba kachumbari. Haikuwepo. Inaliwa na viazi mviringo vilivyopondwa, pamoja na kiazi kingine kigumu cha shambani, cha manjano kwa ndani, ambacho nacho hupondwa na ambacho mimi, nasema kwa heshima zote, ningewaachia kondoo. Lakini haggis yenyewe ni tamu. Pilipili manga inawaka taratibu na oti zinatafunika. Marekani ilipiga marufuku mapafu kwenye chakula mwaka 1971, ikawanyima Waskoti wa huko haggis yao halisi. Huku Glasgow wenye mikahawa ya Kihindi na Kipakistani wameshaifanya bajia, na bajia hizo zina foleni.

Mwaka uliofuata nilijaribu kuipika nyumbani. Haggis ya dukani huja imeshaiva. Inachotaka ni kulala kwenye maji ya moto yasiyotokota, muda mrefu, bila fujo. Mimi nikaipigia moto kama makande. Ikapasuka. Nilipofunua sufuria nilikuta uji wa maini. Mama Neema aliuchuja, akaukaanga kwa vitunguu, nyanya na pilipili mbuzi, tukaufunga kwenye chapati. Sitasema kwamba Burns angekubali. Watoto waliomba tena.

Sasa wiski. Nilikulia mahali ambapo pombe kali ilikuwa gongo, na gongo ilikuwa kitu kinachofichwa migombani na kunywewa gizani na watu wanaotazama nyuma. Kwa hiyo kumwona jirani yangu, mzee wa watu, mstaafu, mwenye wajukuu, ananusa glasi dakika nzima kabla hajagusa ulimi, ilinichekesha kwanza. Halafu akanifundisha. Unanusa. Unaonja tone. Halafu unachukua kijiko kidogo cha maji, unadondoshea matone mawili matatu, na harufu iliyokuwa imejikunja inafunguka. Ya kwanza ilitoka Speyside, laini, ina harufu ya asali na matunda yaliyokaushwa. Ya pili ilikuwa ya kisiwa cha Islay. Hiyo ilinirudisha nyumbani bila nauli. Kule kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, unaokatwa kama matofali, ukaanikwa, ukachomwa kama kuni. Moshi ule unaingia kwenye punje na hautoki tena. Nilinusa nikakumbuka kibuyu cha maziwa kilichofukizwa, yale maziwa tuliyokuwa tukinunua kwa wafugaji wa njia ya Handeni. Nilipomweleza mzee kwamba wiski yake inanuka maziwa, aliweka glasi chini akaniomba nirudie.

Sheria yao inataka wiski ikae ndani ya pipa la mwaloni si chini ya miaka mitatu, na isiuzwe chini ya asilimia 40 ya kileo. Mapipa mengi yalikwishabeba bourbon, wiski ya Marekani, au sheri, mvinyo wa Uhispania, na rangi unayoiona kwenye glasi kwa kiasi kikubwa ni ya mbao. Kila mwaka sehemu inayeyukia hewani kupitia mbao za pipa, nao huiita fungu la malaika. Jina lenyewe wiski limetoka Kigaeli, maana yake maji ya uhai. Gongo nayo hupitia mvuke na kupozwa vilevile. Kinachoikosesha heshima ni kwamba inanywewa siku hiyohiyo inayodondoka, na malaika hawapati kitu.

Wapo wanaomimina wiski juu ya haggis. Jirani yangu anasema huko ni kuharibu vitu viwili kwa mkono mmoja, nami nakubaliana naye; mchuzi wa krimu uliotiwa wiski kidogo, huo sawa. Kuna pia kinywaji cha kuchanganya kinachoitwa Bobby Burns, cha wiski, vermuti tamu na Bénédictine, ambacho kwangu kilikuwa dawa ya kifua. Toddy nilielewana nayo mara moja: wiski, asali, limau, maji ya moto, na karafuu. Nilipoiona karafuu imechomekwa kwenye kipande cha limau nilihisi nimekutana na mtu wa kwetu. Mama Neema hanywi, akapewa Irn-Bru, soda ya rangi ya machungwa ambayo Waskoti wanaitetea kama bendera. Aliipenda zaidi cranachan, krimu na asali na oti zilizokaangwa na matunda mekundu madogo, akala bakuli zima, ndipo alipoambiwa kwamba nayo ina wiski.

Huyu Burns aliyeandika mwaka 1786 kwamba uhuru na wiski huenda pamoja, miaka mitatu baadaye aliajiriwa kuwa mtu wa ushuru. Kazi yake ikawa kupanda farasi na kuzunguka vijijini kukagua wanaotengeneza na kuuza vinywaji, na kufuatilia magendo. Aliandika mwenyewe kwamba alikuwa akisafiri maili 200 kwa wiki. Na hakuacha kuwa yeye: mwaka 1792 akatunga wimbo unaofurahia shetani kuondoka na mtu wa ushuru, na kijiji kizima kinacheza.

Jirani aliponisimulia hayo niliweka uma chini. Kwa sababu sisi nasi tunaye Robert wetu, na Robert wetu naye alikuwa mtu wa ushuru. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na kuanzia 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa forodha, huko Pangani na kwingineko. Robert wa kwao ni jina lake mwenyewe, la kwetu ni la baba yake, lakini nilikaa nikawaona wawili hao kila mmoja mezani kwake, mshumaa mmoja kaskazini na kibatari kimoja kusini, mchana wanahesabu mali za watu na usiku wanahesabu mizani. Wote wawili waliandika kwa lugha ambayo wenye vyeo wa siku zao waliiona ya kuongelea na watumishi.

Tunamkumbuka vipi? Ana mtaa Dar es Salaam. Ana shule yenye jina lake. Na yumo kwenye mtihani: jadili dhamira, taja tamathali tano. Mimi nilimjua hivyo, na nilipomaliza mtihani nilimaliza naye kwa miaka kumi na mitano. Fundi bomba aliyekaa meza moja nami Ayr alikuwa anajua beti saba za Burns kwa moyo, na alizijulia jikoni kwa bibi yake.

Lakini nisiwapambe Waskoti kupita kiasi. Katika kila karamu kuna hotuba kuu, ambayo mtu husimama kueleza maisha ya mshairi, na hotuba niliyoisikia mwaka wa kwanza ilipita juu ya jambo moja kwa kasi. Mwaka uleule wa 1786, akiwa na madeni na matatizo ya kimapenzi, Burns alikuwa amejipanga kwenda Jamaica kufanya kazi ya uandishi wa hesabu kwenye shamba la miwa. Shamba la watumwa. Kilichomzuia ni kitabu chake cha mashairi: nakala 612 zilizochapwa mji wa Kilmarnock mwezi Julai zilimalizika upesi, akapata jina na pesa kidogo, akabaki. Mtu aliyekuja kuandika kwamba binadamu ni binadamu tu hata awe fukara, maneno yaliyoimbwa Bunge la Uskoti lilipofunguliwa mwaka 1999, alibakiza wiki chache tu kuwa karani wa kuhesabu Waafrika. Nilimwambia mzee jirani hivyo tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani. Hakubisha. Alinyamaza mpaka tukafika kona, kisha akaniambia kwamba Frederick Douglass, Mmarekani mpinga utumwa aliyekuwa mtumwa mwenyewe, alikuja hapa Ayr mwaka 1846 kuiona nyumba ya mshairi, akakutana na umbu lake aliyekuwa bado hai. Nililala na hayo yote mawili. Bado hayajapatana kichwani mwangu.

Baada ya hotuba nzito huja utani. Mwanamume husimama kuwasifia wanawake, ambayo kwa kweli ni kuwachokoza, kisha mwanamke husimama kumjibu. Vilabu vingine vilikuwa vya wanaume watupu kwa muda mrefu, kwa hiyo majibu hayo yana deni la kulipiza. Watu wa taarabu wangejisikia nyumbani. Mwalimu mstaafu aliyejibu mwaka ule alimwacha yule bwana, akamvaa Burns mwenyewe: watoto kumi na wawili kwa wanawake wanne, na Jean Armour, mkewe, aliyempokea na kumlea mtoto wa mwanamke mwingine aliyezaliwa siku chache kabla ya wake. Husimuliwa kwamba Jean alisema Robin wao, yaani Burns, alipaswa kuwa na wake wawili. Hapo Mama Neema alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu akasubiri, kisha akasema kwamba mwezi Julai 1796 wanaume wa mji wa Dumfries walipokuwa wanamzika Burns, mwenye miaka 37, kwa gwaride na bunduki, Jean alikuwa kitandani anajifungua mtoto wake wa mwisho. Ukumbi ukanyamaza. Ndipo akanyanyua glasi.

Mwaka jana waliniomba nisome dua ya kabla ya kula, wanayoiita Selkirk Grace, kwa Kiswahili. Ya kwao ina mishororo minne. Yangu ilikataa kukaa minne:

Kuna walo na chakula,
Bali kula hawawezi;
Kuna wawezao kula,
Bali hawana mchuzi;
Sisi tunacho, twakula,
Tumshukuru Mwenyezi.

Mchuzi haumo kwa Waskoti. Niliuleta kwa ajili ya kina, na kwa sababu mtu wa Tanga haelewi umasikini mpaka umtajie mchuzi. Bibi mmoja alinifuata baadaye kuuliza ni nini. Nilimwalika nyumbani, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Usiku uliishia kama zinavyoishia karamu zote hizo, tumesimama duara tunaimba "Auld Lang Syne", mikono ikipishanishwa kifuani kwenye beti la mwisho tu (ukiipishanisha mapema wanakutambua kwamba u mgeni). Ni wimbo wa Burns pia, unaoimbwa nchi nyingi saa sita za usiku wa kuamkia mwaka mpya. Nikiwa nimeshika mkono wa fundi bomba upande huu na wa Mkenya wangu upande ule, nikakumbuka tarehe ya kuzaliwa ya Shaaban Robert. Ni 1 Januari.

Basi tumeamua. Itakuwa sebuleni kwetu, watu kumi na wawili, pilau ya mbuzi ndani ya sinia, na badala ya wiski sharubati ya ukwaju na kahawa chungu, kwa sababu Robert huyu alikuwa Mwislamu na hatutamwaibisha kwake. Zumari imepatikana, japo ni ile ya kiriba. Lazima pilau isomewe shairi kabla haijapakuliwa, na kwa kuwa halipo, nimepewa kulitunga mimi.

Nilipomweleza mzee jirani tarehe, alinitazama kwa huruma. Mskoti halali usiku wa kuamkia mwaka mpya, akasema, na mchana wake haamki. Ndiyo maana kwao tarehe 2 nayo ni sikukuu. Tutakula tarehe 2. Watu wa Greenock walichelewa siku nne na haggis ililiwa. Mzee ameahidi kuja na kisu chake, ingawa nimemwambia pilau haikatwi. Kazi imebaki kwenye shairi. Natafuta vina vya "pilau", na mpaka leo nina "dharau" na "sahau" tu.